Seremala wa Makosa ya Watu

Asubuhi hiyo lori la taka lilikuwa limeegeshwa kwenye geti la ujenzi, tupu, dereva amelala kwenye kiti na miguu ameitolea dirishani. Nikampiga kofi kwenye unyayo.

"Taka ziko wapi?"

"Hakuna, mama. Hata kipande cha kigae. Mimi siku hizi nalipwa kulala."

Hakuna! Bweni la ghorofa linapanda, mafundi wamejaa, halafu hakuna taka. Tangu lini? Taka hizo ndizo riziki yangu, na aliyezimaliza ninamjua. Nimemlea mwenyewe.

Ngoja nijieleze, usije ukadhani mimi ni kichaa wa majalalani. Mimi ni seremala, ila mbao sinunui. Duka la mbao naenda kusalimia tu. Mimi natumia makosa ya watu. Fundi akikata ubao mfupi, huo wangu. Injinia akiagiza milango mipana kuliko fremu, hiyo yangu. Bomba likikutana na boriti njiani ikabidi ukuta ubomolewe, mimi niko nje na toroli langu, nimetulia tuli. Wanasema kufa kufaana. Sijawahi kumwombea mtu kifo, lakini kosa la vipimo nimeliomba mara nyingi tu, tena kwa machozi.

Nyumba yangu yote ni makosa. Bafuni hakuna kigae kinachofanana na jirani yake. Dirisha la sebuleni lilikusudiwa ofisi ya meneja fulani, na mpaka leo sijapata pazia la kulitosha. Mlango wa choo umeandikwa "Mapokezi". Cheka, cheka tu, lakini haivuji. Na nyuma ya nyumba ndipo ilipo karakana, ninapotengeneza meza, viti na makabati, nauza, tunakula.

Nasema tunakula, maana niko na binti wa kaka yangu. Kaka alimleta akiwa hajui hata kufunga kiatu, akaniomba nikae naye wiki moja wakati yeye anatafuta kazi. Wiki hiyo haijaisha hadi leo. Kaka anatuma salamu. Basi nikamlea, nikamtengenezea kitanda, nikamsomesha kwa meza na makabati mpaka chuo, akienda asubuhi na kurudi jioni kulala nyumbani. Sasa ni mtu mzima mwenye kazi yake. Na kazi aliyoisomea, jamani, ni kuzuia makosa!

Anakaa pale saiti ndani ya kontena, na humo amelijenga bweni zima kwenye kompyuta kabla halijajengwa nje. Kila nguzo, kila bomba, kila kigae kina mahali pake, na ukilizungusha unaona mpaka matumbo ya kuta. Bomba likigonga boriti mle ndani, skrini inawaka nyekundu; yeye analisogeza kwa kidole, kwisha habari. Zamani kosa kama hilo lilikuwa linaonekana zege likishakauka, ukuta unavunjwa, na mimi naenda kununua nyama. Siku hizi hata kigae kinapokatwa, kipande kilichobaki kina kona yake inayokingojea chumba cha pili.

Sikuwa naumia peke yangu. Msimamizi wa mafundi, ambaye saiti nzima inamwita Ongeza, naye alikuwa hali wala halali. Jina hilo amelitolea jasho. Ukimwambia saruji mifuko kadhaa inatosha, atakujibu, "Ongeza kidogo, kwa usalama." Na fundi alikuwa ameshaongeza kwa usalama kabla hajamfikia, na mtu wa stoo ataongeza tena kwa usalama wa Ongeza. Mwisho wake usalama wote huo ulikuwa unapakiwa kwenye lori la taka. Sasa bosi wao, mkandarasi, alikuwa ametangaza mbele ya watu wote: bweni hili ni majaribio. Lori likijaa kama zamani, kontena linafungwa na binti anakwenda zake.

"Tuombe Mungu tu, mama," Ongeza akaninong'oneza getini. "Kosa moja. Moja tu, lakini liwe la kushiba."

Jioni hiyo, tukiwa tunakula, nikaanza taratibu.

"Mwanangu, huwezi kukosea kidogo?"

"Kukosea nini, Shangazi?"

"Chochote. Dirisha moja likose upana. Nani atajua?"

"Kompyuta itajua."

"Kompyuta ndiyo iliyokuogesha?"

Akacheka, halafu akaona mimi sicheki. Akaweka kijiko chini. "Shangazi, nikikosea mara moja tu wananitoa. Ongeza ameshaanza kupima kontena langu, anataka kuweka saruji."

"Na mimi je? Karakana imebaki vumbi tupu. Nimekusomesha kwa makosa ya wajenzi, leo unayamaliza yote! Kweli fadhila ya punda ni mashuzi."

"Kwa hiyo mimi ni punda?"

"Punda angenibebea mbao!"

Akaondoka mezani. Tangu hapo tukawa hatusemeshani. Aliiambia sufuria kwamba kesho atachelewa kurudi, nami nikaiambia sufuria kwamba haikuulizwa. Nilikuwa na hasira, sitaki kudanganya, lakini chini ya hasira kulikuwa na woga. Seremala asiye na mbao ni mwanamke mwenye nyundo tu, na watu humkimbia.

Tukakaa hivyo mpaka alipokuja mwenyewe karakanani mchana kweupe, kofia ya saiti kichwani, anahema.

"Shangazi, njoo kwenye kontena. Usiniulize, njoo tu."

Nikaenda, nimenuna njia nzima ili asidhani yameisha. Mlangoni pa kontena tukamkuta Ongeza amesimama. Nje mafundi wake walikuwa wameshawasha msumeno, na kando yao mbao mpya zimepangwa, nzuri, zimenyooka, mpaka mate yakanijaa mdomoni.

"Unaziona zile?" binti yangu akasema. "Ndizo zitakazoshikilia zege la ghorofa ya juu mpaka likauke. Zamani zilikuwa zinakatwa ovyo, zikitolewa zinaenda kwenye lori."

"Au kwangu."

"Au kwako. Sasa sikiliza. Wasichana watakaolala humu wanahitaji vitanda. Nikafikiri, tukizikata tangu leo kwa vipimo vya kitanda, kisha tukazipanga hivyo hivyo kushika zege, siku zikitoka ni vitanda tayari, bado kuunga na kupiga randa. Hakibaki kitu. Nimeshalipanga bweni zima mle ndani, mkandarasi amekubali." Akameza mate. "Na seremala nimemwambia ni wewe."

Mimi niliyemwita punda! Nilitaka kumkumbatia, lakini Ongeza alikuwa anatazama, nikajifanya naangalia skrini. Akanifungulia chumba kimoja cha bweni, vitanda vimejipanga ukutani. Akakisogeza karibu kimoja.

Nikakitambua. Kichwani kilikuwa na lile jua nililolichonga kwa mkono, na mwale mmoja umepinda pale patasi iliponiponyoka.

"Nimechora kitanda changu," akasema, anatabasamu. "Nilikipima nyumbani, kila ubao. Sijawahi kuona kitanda kizuri zaidi."

Kitanda kile nilikitengeneza kwa mlango wa kabati uliokataliwa. Ulikuwa mfupi, lakini na yeye alikuwa mfupi, wakaelewana. Nikasema kosa kubwa likipatikana nitamtengenezea kingine. Makosa yakaja, nikayafanya makabati ya ada, mtoto akarefuka, kitanda kikabaki vile vile. Hakuwahi kulalamika hata siku moja. Alikuwa anajikunja tu.

"Basi tukate?" Ongeza akauliza.

"Kateni," akasema mwanangu.

Hebu fikiria. Mbao zile zote zikikatwa kwa kipimo kile, kwa kitanda cha mtu mzima hazifai tena. Zingeenda kwenye lori, na kutoka kwenye lori zingekuja kwangu, mlima mzima, kazi ya miaka. Lile kosa nililoliomba kwa machozi lilikuwa pale mbele yangu, la kushiba, na wala sikulifanya mimi. Nilitakiwa kunyamaza tu. Halafu nikamwangalia binti yangu, na alikuwa na uso ule ule wa siku niliyomwingizia kitanda chumbani, akakiparamia na viatu.

"Wee! Msikate!" Nilipiga kelele hata dereva wa lori akaamka kule getini. "Atakayegusa ubao namkata yeye!"

"Shangazi, vipi tena?"

"Hao watu wako wa kwenye kompyuta." Mle ndani ya bweni walikuwamo watu wa kuchora, wamesimama kwenye korido ili mtazamaji ajue ukubwa wa vyumba. "Mchukue mmoja umlaze."

"Hawa hawalali, Shangazi. Wako hapo kwa kusimama tu."

"Mlaze, nimesema!"

Akamchukua mwanamke mmoja mwenye mkoba, akamnyanyua kwa kidole, akamlaza chali na mkoba wake. Miguu ikapenya ubao wa miguuni, ikatokea upande wa pili. Skrini yote ikawaka nyekundu.

Nje msumeno uliendelea kunguruma.

"Huyu mwanamke ni mrefu mno," binti yangu akasema.

"Ni wa kawaida," akasema Ongeza.

Mwanangu akamtazama mwanamke wa kwenye skrini, akamtazama Ongeza, akanitazama mimi. Hakuwa anatania hata chembe.

"Kwani watu wengine hulala wamenyoosha miguu?"

Aa, hapo kontena likapasuka. Mafundi waliokuwa wamejazana mlangoni wakaangua kicheko, mmoja akakaa chini kabisa. Ongeza alishika fremu ya mlango, machozi yanamtoka. "Samaki mkunje angali mbichi! Mama, lakini wewe huyu umemkunja!" Hata mimi nilicheka, nikacheka mpaka machozi, kisha nikashtukia silii tena kwa kicheko. Miaka yote ile, chini ya paa langu, na mimi ni seremala!

Binti yangu alikuwa amejishika kichwa. Alijua mara moja kilichokuwa kinakuja. "Mkandarasi akisikia hili nimekwisha," akasema kwa sauti ndogo. Watu wote wakamgeukia Ongeza, maana kosa lake lilikuwa limemfikia mkononi, amelingojea tangu msingi unachimbwa.

Ongeza akajifuta macho kwa mkono wa shati. Akatoa kichwa nje, akapiga kelele msumeno uzimwe. Kisha akarudi ndani.

"Kosa la kwenye kompyuta halijazi lori," akasema. "Haya, injinia. Sema unachotaka kusema."

"Niseme nini?"

"Unakijua. Nimekingoja muda mrefu."

Binti yangu akafumba macho. "Ongeza kidogo."

"Sijasikia."

"Ongeza kidogo! Kwa usalama!"

Yule mzee akavua kofia kwa heshima, kama amepewa nishani. Binti yangu akarefusha kitanda, na mle ndani mbao za jengo zima zikaanza kujipanga upya, hii ikasogea huku, ile kule. Alikaa hapo mpaka wekundu wote ukaisha. Na safari hii kwenye kila kitanda akalaza mtu. Ukitazama ulidhani ni wodi ya wagonjwa wenye mikoba.

Ghorofa ikamwagwa, zege likakauka, mbao zikatoka, nami nikaingia kazini. Basi mafundi walikoma. Mimi niliyekuwa nikiomba watu wakosee, sasa fundi akipasua ubao mmoja wakati wa kuubandua namfuata mpaka chooni. "Huo ulikuwa ubavu wa kitanda cha mtoto wa watu, wewe ulikuwa unafikiria nini?" Ongeza mwenyewe akasema heri kompyuta, maana kompyuta haimtukani mtu. Vitanda vikaingia bwenini vyote. Siku lori la taka linaondoka, ndani mlikuwa na maganda ya ndizi ya dereva.

Lakini maana yake ni kwamba hakikubaki kitu. Nilikuwa nataka mbao za kitanda kimoja tu, na katika saiti nzima hapakuwa na hata kipande. Nikaenda dukani. Mwenye duka akaniuliza kama nimekuja kusalimia. Nikamwambia apime, tena mbao nzima, ambazo hajazikosea mtu yeyote. Akapima huku ananiangalia kwa wasiwasi, kama mtu aliyeambiwa nina ugonjwa.

Nikatengeneza kitanda kirefu. Kichwani nikachonga jua, na mwale mmoja nikaupinda makusudi. Nilipokiingiza chumbani, binti yangu akakiparamia na viatu, nikamfokea, akavivua. Akalala chali, akanyoosha mguu mmoja, halafu wa pili, polepole kana kwamba sheria inakataza.

"Loo," akasema. "Huku chini kuna baridi."

Asubuhi nikampelekea chai. Bado alikuwa amelala, amejikunja vile vile, magoti yamekaribia kidevu, na miguuni pamebaki nafasi ya kumtosha mtoto mwingine. Sikumwamsha. Nikakaa kwenye ile nafasi, chai mkononi, maana hayo ndiyo mabaki pekee yaliyotoka kwenye kazi ile, na mabaki siku zote ni yangu.