Mama Mwenzake Chona

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nane Februari, asubuhi, Eleuterio akiwa hajamaliza kahawa yake. Shemeji yake Rutilio, mwenyekiti wa ushirika wa boti, alimwita kwenye redio.

"Shemeji, kuna mzoga wa nyangumi ufukweni. Uvute mpaka nje ya ghuba kabla wageni wa kutazama nyangumi hawajaingia."

"Wewe mikono imepooza?"

"Nina mkutano na wakubwa wa hifadhi."

"Mkutano wa kula kaa! Haya, wasalimie. Waambie wasisahau kunawa."

Eleuterio alimjua nyangumi huyo kabla hajazima mashine ya boti: kovu jeupe kando ya tundu la pumzi. Marehemu mkewe, Chona, alimwita nyangumi huyu mama mwenzangu, maana walijifungua mwaka mmoja. Mtoto wa Chona hakuishi. Kila msimu Chona aligonga ubavu wa boti kwa pete yake ya ndoa, nyangumi akaja kuweka mgongo chini ya kiganja chake. Chona alipofariki, Eleuterio akaivaa pete hiyo kidole cha mwisho, akaendelea kugonga, na nyangumi akaendelea kuja.

Sasa nyuma ya kichwa alikuwa amebonyea kwa njaa kama gunia lililomwagwa nusu. Humu ghubani nyangumi hawali. Wananyonyesha kwa mafuta waliyojaza mwilini kaskazini, wanakochota vijidudu matopeni. Barafu ya huko inaisha na vijidudu vinaisha. Wakubwa wenyewe ndio waliosema hivyo, wakiwasha picha ukutani. Wakasema watalifuatilia. Wamelifuatilia hadi mezani.

Akafunga kamba mkiani, akavuta. Walipokaribia mlango wa ghuba akasikia pumzi nyuma yake. Ndama. Alikuwa akimsukuma mamaye kwa pua, kama anayemwamsha.

Eleuterio akazima mashine, akashika redio.

"Rutilio, ana mtoto."

"Nani?"

"Mama mwenzake dada yako."

"Vuta tu, shemeji. Akiozea ufukweni wageni watakimbia, na kijiji kizima kitalala njaa."

"Mtoto anamfuata, we bwana! Hapo nje nyangumi wauaji wanamsubiri. Hatafika mchana."

"Basi mrudishe."

"Ndani atanyonya nini? Mchanga?"

"Sasa mimi nifanyeje? Ngoja niulize wakubwa."

Maji yalikuwa yanakupwa, yakiwavuta wote watatu polepole kuelekea bahari kuu. Ndama akaiacha maiti, akaja kuegemea boti, akainua kichwa pale pale alipozoea mamaye. Eleuterio akaubana mkono wenye pete kwapani, isije ikagusa ubao ikagonga.

Redio ikakoroma. Nyuma ya sauti ya Rutilio vilisikika vijiko na mtu akicheka.

"Shemeji, wanasema wataliangalia."

"Waambie mimi naliangalia sasa hivi," Eleuterio akasema. "Waulize neno moja tu. Huyu mtoto nimpeleke wapi?"