Hema la Kusimama

Kwa miaka arobaini Orrin Haugen alivua samaki kupitia tundu kwenye barafu ya ziwa letu, hapa Minnesota, Marekani, amekalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo ameupa upepo. Wavuvi waliojikinga baridi kwa mahema aliwauliza kama wamekuja kuvua au kulala. Kisha ugonjwa wa kutetemeka ukamshika mikono, na baridi ikawa inauzidisha. Hakutulia tena. Akikaa anainuka, akiinuka anazunguka nyumba, anachungulia ziwa dirishani.

Mkewe Marlys akaamua hema litanunuliwa. Mimi jirani yao ndiye niliyempeleka dukani. Muuzaji alimsifia lile dogo linalokunjuka kutoka kwenye sleji, kigari cha kuburuta thelujini, viti vimo tayari, unavuta paa tu linakufunika. Marlys akaingia, akakaa, akatoka.

"Mume wangu hakai," alimwambia. "Nipe ambalo mtu anasimama."

Akachukua kubwa, la kitambaa kizito chenye pamba katikati, ambalo kuta zake unazivuta nje moja moja kwa mkanda.

Jumamosi asubuhi tulikuwa ziwani. Orrin hakutaka hata kuligusa. Alitoboa tundu lake hatua kumi pembeni, akajilazimisha kukaa kwenye ndoo yake. Marlys akavuta kuta zote nne kabla ya kufunga kwenye barafu hata skrubu moja ya kulishikilia. Upepo ukaingia chini, hema likaondoka. Nilitupa fimbo yangu ya kuvulia, nikakimbia, nikateleza nikaanguka. Nilipoinua kichwa nilimwona Orrin, ambaye asubuhi ile alifungwa vifungo vya koti na mkewe, akijirusha juu ya lile hema. Lilimburuta hatua kadhaa, kisha likalala chini yake.

Hakusogea. Marlys alifika kabla yangu, akapiga magoti, akamshika bega akimwita jina.

"Skrubu kwanza," Orrin alisema, uso bado uko kwenye kitambaa. "Upande wa upepo. Kuta baadaye. Nani alikufundisha kazi hii?"

"Nani wa kunifundisha, na wewe umeninunia?"

Orrin akainuka taratibu. Alikandamiza kona kwa goti, Marlys akazungusha skrubu. Tuliporundika theluji kwenye pindo, lilisimama imara.

Ndani, mkewe alipowasha jiko la gesi, Orrin alifungua kwanza matundu ya hewa, akagomba kwamba watu hufa hivi hivi kwa hewa chafu ya jiko. Tulipokwisha kutoboa matundu mawili ya kuvulia humo ndani, akaanza safari zake: kwenye tundu la kwanza, la pili, kwenye dirisha la hema, tena la kwanza. Alipata sangara mmoja. Wa pili alimponyoka mikononi akarudi majini. Marlys alimmiminia kahawa nusu kikombe, isimwagike, akaendelea kutazama uzi wake.

Niliwaacha saa nane mchana. Orrin amesimama, mkewe amekaa, wanabishana ni tundu lipi lina samaki.