Mababa Kumi na Sita wa Nimo

Ngamia aliyempiga Nimo teke hakuwa na nia mbaya. Ilikuwa mwaka wa sitini na sita, watu wanahamishwa na mifugo yao kuingizwa katika vijiji vya serikali, askari wanapiga filimbi, na ngamia si mnyama wa kupigiwa filimbi. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Waliokuwapo wanasema alirushwa juu mpaka kivuli chake kikabaki chini peke yake, kikimsubiri. Aliletwa kwetu hospitalini Garissa amelazwa juu ya mlango. Mlango wa nani, hakuna aliyeuliza. Akalala siku sita bila kufumbua macho.

Mimi nilikuwa dresa pale. Nilitoka Meru sijui kushona jeraha. Nilijifunza kwa kushona magunia. Ndio mwaka ule Mto Tana ulipungua mpaka mamba mmoja akapanga foleni asubuhi kutaka dawa ya nyayo zilizopasuka. Nilimwandikia kadi ya mgonjwa wa nje. Lakini hayo si ya leo.

Daktari wetu, Gichuki, alikuwa kijana aliyetoka kusoma ng'ambo, na alirudi na utafiti. Alitaka kujua watoto walioumia ubongo hupona vipi: nini hurudi kwanza, nini huchelewa, nini hakirudi kabisa. Alikuwa na fomu ya maswali ishirini iliyochapishwa huko huko. Mtoto aliulizwa mwezi mmoja baada ya kuumia, halafu tena miezi mitatu ikitimia. Aliyeshindwa mara ya pili alipelekwa Nairobi kwa wataalamu wa vichwa, na msafara wa jeshi wa Alhamisi.

Mama yake Nimo, Arbia, hakuwa na ruhusa ya kutoka wilayani. Siku zile mwanamke wa kijiji cha serikali alitakiwa karatasi hata kwenda kuchota maji. Kwa hiyo mtoto akienda Nairobi angeenda peke yake, na hakuna aliyejua angerudi lini, au angerudi akiongea lugha gani.

Mwezi wa kwanza Nimo alipata moja kwa ishirini. Alionyeshwa picha ya mwavuli, akasema ni mti wa mtu mmoja. Daktari akaandika sifuri. Mimi ningempa mbili. Aliambiwa achore nyumba yenye dohani, akauliza dohani hula nini.

Nikamshauri daktari aijaribu fomu ile kwa wazima. Abdille, mkalimani wetu, mtu wa miaka hamsini aliyehifadhi Kurani nzima, alipata tatu. Mimi nilipata kumi na moja, na daktari akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda.

Akauliza sasa watoto waulizwe nini. Abdille ndiye aliyejibu. Kwa Wasomali kila mtoto hufundishwa abtirsi, yaani kutaja mababa zake kwa mstari: jina lake, la baba, la babu, la baba wa babu, mpaka unakoanzia ukoo. Asiyeijua ni kama amezaliwa na upepo. Daktari akafurahi. Alikuwa mzito wa sikio, basi wiki sita, kila asubuhi, alikaa na Abdille kando ya kitanda cha Nimo penye kivuli kizuri, Abdille akitaja majina kumi na sita, la kwake likiwa la kwanza, daktari akiandika na kupima kwa saa. Wakaitwa watoto wazima wa mjini ili kulinganisha. Mtoto wa miaka tisa, ikaonekana, hufika la kumi na tano kabla hujamaliza kuchonga penseli.

Siku mbili kabla ya mtihani wa pili, Arbia alinikuta nikifua bandeji.

"Dakitari ndogo," akasema, "hii mtihani, lasima mtoto aseme jina ya baba?"

Nikamwambia jina la baba ndilo la pili, huwezi kuliruka. Akakaa chini, akanieleza. Mumewe alikuwa Alio, na Alio alikuwa akitafutwa tangu mwaka uliopita kwamba yuko msituni na shifta, waasi waliopigana na serikali. Mke wa mtu kama huyo alifungwa mpaka mume ajitokeze. Kwenye kadi ya mtoto mimi niliandika "Baba: safarini," jambo ambalo halikuwa uongo.

Nikamtuliza kwamba fomu za daktari haziondoki wadini. Kumbe zilishaondoka kwa midomo ya watu. Asubuhi ya mtihani, siku ya Jumatano, Inspekta Murithi wa usalama alifika na kiti chake mwenyewe. Alikuwa mtu wa kwetu, tulizoea kusalimiana kwa Kimeru. Siku hiyo alinisalimu kwa Kiswahili. Alisema amesikia hospitali inakusanya majina ya koo, jambo zuri sana, naye angependa kusikiliza, hasa majina ya pili.

"Nimo," Abdille alisema kwa Kisomali, "taja mababa zako."

Mtoto alimtazama mama yake. Akazitazama buti za Inspekta, akapanda nazo taratibu mpaka kwenye kofia. Halafu akaanza.

"Nimo. Abdille. Guleid..."

Akaenda mpaka mwisho, mababa kumi na sita, hakukwama. Alivuta pumzi pale pale Abdille alipozoea kuvuta, na kwenye jina la tisa akakohoa kidogo, kama Abdille anavyokohoa.

Inspekta alikuwa ameinua kalamu tangu jina la pili. Akamgeukia mkalimani. "Ni sahihi hayo?"

Abdille hakuwa mtu wa kudanganya. Ndiyo maana hakuwa na duka. "Hakuna jina lililopotea," akasema.

"Huyo Abdille wa Guleid si wewe?"

"Ndiye mimi."

"Miezi mitatu unamkalimania daktari, na hukusema mtoto ni wako?"

"Hamkuniuliza."

Inspekta akaandika. Akampa Abdille pole kwa ajali ya binti yake, akabeba kiti chake akaenda. Njiani alipita kwa Fatumo, aliyekuwa mke wa pekee wa Abdille kwa miaka ishirini na tisa, kumpongeza kwa kuishi kwa amani na mke mwenziwe. Abdille alilala hospitalini siku nne.

Daktari alibaki ameishika fomu. Majina yale aliyaandika kwa mkono wake wiki sita, na hakuwa mjinga.

"Haya hakuyajua kabla ya teke," akasema.

"Hakuyajua."

"Ameyajifunza hapa, na kichwa hiki hiki."

Nikamwambia, kama mtu mwenye uzoefu, kwamba kweli huweza kusemwa na mdomo peke yake, lakini uongo unataka ubongo mzima.

Alhamisi msafara ukaondoka bila Nimo. Ijumaa daktari, kwa kuwa ni mtu wa utafiti, alitaka kuhakikisha. Tulikuwa sisi watatu na Arbia. Nimo alishuka kitandani, akachungulia mlangoni, akarudi, akataja mstari wake wa kweli. Kwenye jina la kumi na mbili mistari miwili ikakutana, na kuanzia hapo mababa wakawa wale wale. Abdille akashusha pumzi.

"Basi ni binti yangu," akasema. "Ila njia ni ndefu."

Daktari aliandika neno moja kwenye fomu: amepona. Karatasi aliyoandikia mstari wa kweli, wenye jina la Alio, alinipa mimi, akasema sindano hazijachemshwa na jiko limezimika.

Zilichemka vizuri.