Hodi ya Watu Wawili

Pale kwenye mfuko wa kusaidia familia za wanajeshi walimwita Darubini, naye aliona ni sifa. Alikuwa sajenti, akastaafu, na sasa alijitolea kwenda nyumbani kwa walioombewa msaada kuhakikisha hawajatia chumvi. Hakuwa na mazoea ya kupiga simu kwanza. Ukimpa mtu taarifa, alisema, utakuta televisheni imehamia kwa jirani na watoto wa shangazi wamekuja kuongeza idadi. Na kila mara alifuatana na mwenzake, mwalimu mstaafu, mama mmoja mpole asiyeficha lake, kwa sababu kanuni ya mfuko ilitaka mashahidi wawili.

Faili la safari hii lilikuwa la askari aliyeko mpakani. Aliandika mwenyewe: binti yake wa miaka sita anahitaji upasuaji wa jicho, hospitali imempa nafasi Jumatatu, na nafasi hiyo ikipita jicho nalo litapotea. Mkewe ni fundi cherehani. Jambo lenyewe lilikuwa dogo, la kumalizwa kwa kikombe kimoja cha chai. Lakini mara mbili walibisha hodi, na mara mbili mlango haukufunguliwa.

Tena si kwamba hapakuwa na mtu. Walipokata kona walisikia cherehani ikinguruma, walipokaribia ikanyamaza. Pazia likacheza. Ndani mtoto akauliza kitu, akanyamazishwa upesi.

"Kuna mwanamume humo," Darubini alisema. "Au huyo mtoto anaona kuliko mimi na wewe."

"Kwako wewe kila mtu ni mwizi," Mwalimu akamjibu.

"Sijasema mwizi. Nasema huyu mama ana lake jambo."

Ziara ya tatu ilikuwa Ijumaa, na kwa kanuni, ikishindikana hiyo, faili linafungwa. Darubini hakutaka kupoteza muda. Kabla hata ya kuondoka ofisini alijaza sehemu ya maoni ya mkaguzi kwa wino: Anaficha kitu.

Walipofika dukani, pale kwenye kona, goti la Mwalimu likagoma. Akaomba kiti, akasema, "Tangulia, nakuja." Darubini akaenda peke yake, tena kwa furaha, maana aliona leo atamnasa vizuri.

Cherehani haikunyamaza. Mlango ulifunguliwa kwa hodi ya kwanza, akatokea mwanamke mwenye utepe wa kupimia shingoni na pini mbili mdomoni. Akazitoa pini.

"Karibu, baba. Ni suruali ya kupunguza?"

"Hapana, mama." Darubini akachomoa bahasha kwenye mkoba.

Mwanamke aliitazama bahasha, akashusha macho hadi kwenye viatu vyake vinavyong'aa, na uso wake ukabadilika pale pale.

"Ni nyinyi. Mwenzako yuko wapi?"

"Yuko dukani, anakuja."

"Basi rudi." Alishika mlango kwa mikono miwili. "Usiseme neno. Rudi, nakuomba, mwanangu anasikia."

Nimempata, Darubini alijiambia, akaweka mguu kizingitini. "Mama, unaficha nini humu ndani?"

"Haya, sema basi! Amekufa lini?"

"Nani?"

"Usinichezee! Watu wawili, viatu vimepigwa rangi, bahasha mkononi, na simu hawapigi. Kwa mwenzangu, mke wa askari, nyumba ya tatu hapo, walikuja hivi hivi. Miaka tisa nimeolewa na askari, mwendo huo siujui?"

Darubini alipokuwa jeshini alitumwa kupeleka habari ya kifo mara nne. Walikwenda wawili, bila simu, na yeye ndiye aliyesisitiza viatu ving'ae. Nyuso za wale wanawake wanne alikuwa anazikumbuka mpaka leo, na bado akaja kusimama mbele ya mlango huu mara mbili, vile vile. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu awe mtu mzima.

"Yuko hai, mama. Yeye ndiye aliyetuandikia. Tumekuja kwa ajili ya jicho la mtoto."

"Barua ya lini?"

"Ya wiki tano zilizopita."

"Wiki tano! Kwani mtu anahitaji wiki ngapi kufa?"

Sasa mkaguzi akawa yule mwanamke. Darubini akampigia karani wa kikosi, wakamsikiliza wote wawili kwa spika.

"Huyo? Asubuhi kaitika jina lake kwenye gwaride. Tena ananisumbua kila siku, anauliza mfuko umesemaje."

Mwanamke alikaa chini pale pale mlangoni, akalia. Binti akaja, jicho moja limefunikwa kwa bandeji, akamshika bega.

Mwalimu alifika akichechemea. "Umemfanya nini?" akamuuliza Darubini, naye akatoa fomu ili ipate sahihi. Mwanamke alifuta macho kwa mgongo wa mkono, akaanza kusoma, na hapo Darubini akakumbuka alichoandika.

"Nipe kwanza, mama, kuna mahali nifute."

Mwanamke alikuwa amekwisha kupaona. Akapasoma kwa sauti: "Anaficha kitu."

"Nisamehe. Naifuta sasa hivi."

"Usifute," alisema, akitia sahihi yake chini. "Ni kweli. Nilikuwa namficha baba yake huyu. Kila mlipobisha nisifungue, alibaki hai."