Bedfodi ya Mhina

Mwenye gari bovu huomba liwake. Mhina wa Chanika ya Handeni, asubuhi ile ya Julai mwaka sabini na nne, alikuwa anamwomba Mungu lake lisiwake, tena kwa moyo wote, maana bwana wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini alikuwa ameshasimama uani kwake na dumu la petroli.

Na gari lenyewe halikuwa bovu hata kidogo. Lilikuwa lori la Bedfodi la tangu enzi za vita vya Hitla, lililotupwa kwenye shamba la mkonge huko Mazinde mpaka magugu yakaota kwenye usukani. Mhina alilinunua kama chuma chakavu, akalivuta mpaka Handeni, akalikalia miaka minne kabla halijatembea na miwili baada ya hapo. Bodi alilipiga mbao mwenyewe. Rangi ya kijani aliipaka mara tatu, kwa kuwa mara mbili za kwanza haikumridhisha. Mkewe, Swaumu, alikuwa akisema kwamba laiti yeye naye angekuwa na magurudumu, huenda angetazamwa zaidi.

Mwenzake katika wazimu huo alikuwa Bonaventura, fundi wa mashine wa Mazinde, ambaye baba yake aliletwa kutoka Unyamwezi kukata mkonge. Yeye alikuwa na Morisi kuukuu aliyoikata mgongo akaigeuza pikapu. Kila baada ya majuma mawili mmoja wao alipanda basi kumfuata mwenziwe na mfuko wa vipuri, wakainama juu ya injini mpaka jua linazama, huyu akisifia kabureta, yule akisikiliza plagi. Na kwa kuwa Mzigua na Mnyamwezi ni watani, walitukanana muda wote huo. Bonaventura aliliita lile lori jeneza la Wazigua. Mhina naye aliiita Morisi kiatu cha marehemu. Hakuna aliyekasirika, maana mtani hakasirikiwi.

Balaa lilianza Jumanne. Ilitangazwa kwamba watu wa Kwembago, kitongoji alichozaliwa Mhina na ambako mama yake, Bibi Tatu, alikuwa bado anaishi, wahamie kijiji kipya kando ya barabara kuu. Kuhama walikuwa wamekubali, ingawa kwa shingo upande. Waliomba jambo moja tu: wapewe majuma matatu wavune. Mahindi yalikuwa yanakaukia shambani, na mwaka uliotangulia walikuwa wamekula mizizi. Wakiondoka sasa, nyani na ngiri watamaliza kila kitu kwa siku nne. Wakajibiwa kwamba tarehe ni tarehe. Lakini Alhamisi lori la operesheni likakatika ekseli, na lingine lisingepatikana mpaka mwezi wa nane. Upande huo wote lilibaki gari moja la kuweza kubeba kaya thelathini na vyombo vyao, nalo ni la Mhina. Lisipowaka, Kwembago inavuna.

Basi Ijumaa, alipotoka msikitini, Mhina alifungua boneti akachomoa rota, kile kijidude cheusi kinachozunguka ndani ya distributa na kugawa moto kwenye plagi. Hakizidi ukubwa wa kokwa la embe, lakini bila hicho hata ungesukuma lori mpaka Korogwe lisingekohoa. Akakifukia ndani ya mtungi wa unga wa muhogo. Swaumu alimwona. Hakumkataza, ila alimshauri jambo moja: amwambie Bonaventura, maana Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kuja. Mhina akakataa katakata. Ukimwambia mtani siri, umeinadi sokoni. Mwaka juzi Mhina alimnong'oneza mwenziwe kwamba anaogopa nyoka, na matanga ya mjomba wake hayakuisha kabla Bonaventura hajaingia msibani na kamba ya katani shingoni mfano wa nyoka, akiivuta mkia na kulia, “Mhina, njoo unisalimie!” Watu waliokuwa wakilia wakacheka mpaka wakashika mbavu.

“Mficha uchi hazai,” Swaumu akamwambia, akaenda zake jikoni.

Sasa ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, na Mhina alikuwa anazungusha hendeli mbele ya bwana wa operesheni na mgambo wanne. Alizungusha kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Jasho lilimtoka la kweli, maana woga ulikuwa wa kweli. Alikuwa anajiuliza kama yule bwana anajua magari. Alikuwa anajiuliza kama macho yake mwenyewe hayaendi endi kuelekea jikoni. Kila injini ilipozunguka bure alitikisa kichwa kwa huzuni, na moyoni akasema alhamdulillahi.

Bwana huyo hakujua magari. Aliyatazama matairi, akalipiga bodi teke, akatoa daftari. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi. Mhina aliona herufi ya kwanza ikiandikwa, b, ya bovu. Hapo ndipo Bonaventura alipojitokeza uchochoroni, katoka stendi, mfuko begani.

Angefika robo saa baadaye tu, jamani. Bwana wa operesheni angekuwa ameshaondoka. Lakini alifika wakati yule bwana anafunika daftari na kuwaambia mgambo wake, kwa sauti ya kusikika, kwamba hawa Wazigua ndivyo walivyo, mtu mzima miaka sita anachezea mabati wakati wenzake wanajenga nchi, na kwamba hili si gari bali ni banda la kuku.

Mhina aliyameza maneno hayo kama uji. Ni Bonaventura aliyeshindwa. Ameliita gari lile kwa majina mabaya kuliko hilo la banda la kuku, na ameutukana ukoo wote wa Mhina, waliokufa kwa waliozaliwa. Lakini hiyo ni haki yake. Mtu baki akimtukana mtani wako mbele yako nawe ukanyamaza, basi utani huo ulikuwa matusi tangu mwanzo.

“Mzigua huyu ninamtukana mimi,” alisema. “Wewe ni nani wake?”

Akaweka mfuko chini, akafungua boneti. Mhina alimkonyeza, Bonaventura akamkonyeza pia. Mhina alimkanyaga mguu; akakanyagwa yeye. Akajaribu Kizigua, kwa kuwa yule bwana alikuwa mgeni asiyekielewa, lakini Kizigua alichokijua Bonaventura kilikuwa cha matusi peke yake, naye akajibu kwa tusi zuri akitabasamu. Akafungua kifuniko cha distributa. Akachungulia. Akamtazama Mhina kwa huruma kubwa, kama mtu aliyeibiwa, kisha akapekua mfuko wake akatoa rota aliyoichomoa kwenye Bedfodi moja mfu ya shambani, akaipuliza vumbi na kuipachika. Alikuwa ameileta iwe akiba, ati ni zawadi.

Hendeli ilizunguka mara moja tu. Lori likanguruma mpaka kuku wa Swaumu wakaruka ukuta. Bonaventura akamgeukia bwana wa operesheni, kifua mbele, akamuuliza banda gani la kuku linaimba namna hiyo. Bwana akacheka, akampa mkono kumpongeza, akalikata neno lile kwenye daftari. Akaamuru petroli imiminwe. Mlangoni Swaumu alikuwa amesimama na mikono yenye unga.

Waliondoka saa tano. Mgambo walipanda bodini wakaketi chini kukwepa upepo, na yule bwana akafuata kwa mbali na Landrova yake ili asile vumbi. Mbele walikaa wawili tu, Mhina kwenye usukani na Bonaventura pembeni. Mhina angekataa kuendesha, lakini alikwishaambiwa kwamba asipoendesha yeye wataendesha wengine, na gari hatalipata tena. Walipovuka mto mdogo akaeleza yote kwa pumzi moja: wanakwenda wapi, kumchukua nani, mahindi yamefika wapi, na kwamba rota ya lori ilikuwa kwenye mtungi wa unga.

Bonaventura alitazama mikono yake yenye grisi.

“Kwa nini hukuniambia?”

“Ningekuambiaje, Bona? Wewe ni mtani wangu.”

Bonaventura aliuliza kama wanaweza kuliharibu gari wakiwa njiani. Mhina akamwonyesha kwa kichwa mgambo waliokuwa nyuma ya kioo, mmoja na bunduki. Tumaini lililobaki lilikuwa moja, nalo Mhina alilijua kutoka kwa mama yake. Watu wa Kwembago walikuwa wamekubaliana: wakisikia injini yoyote, wote mwituni. Operesheni haipakii nyumba tupu, na petroli ya bwana yule ilikuwa ya siku moja tu. Ikiisha, ndiyo kusubiri mwezi wa nane.

“Basi piga honi,” Bonaventura akasema, macho yakimng'aa tena. “Ipige tangu huku juu wasikie mapema. Nyuma watadhani unafukuza mbuzi.”

Mhina alimpenda sana wakati ule. Akakandamiza honi kuanzia kichwa cha mteremko, akaikandamiza tena kwenye mpera, akaishikilia mpaka kiganja kikauma. Hakuna mgambo aliyegonga kioo. Walipoingia Kwembago uwanja ulikuwa mtupu. Milango imefungwa, chungu kinachemka jikoni peke yake, hata mbwa hayupo. Bonaventura akampiga paja chini ya usukani. Mhina akazima injini na kushusha pumzi aliyokuwa nayo tangu Jumanne.

Ndipo kigelegele kikapigwa upande wa mwituni. Watoto wakachomoka kwanza, mbio, kisha wanawake wenye vikapu vichwani, kisha wanaume na magunia ya yale waliyowahi kuvuna, vumbi la makapi hadi nyusi, wakicheka jinsi watu wanavyocheka wakitoka kwenye woga. Mbele yao wote alikuwa Bibi Tatu, na kanga yake imejaa mahindi.

Mhina alishuka. Miguu ilimshusha yenyewe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Walitaka kubaki kule kule, wananiambia ni wale watu. Nikawaambia honi hiyo naijua, ni mwanangu huyo, amekuja kutusombea mavuno.”

Akampita kwenda nyuma ya lori, akainua kanga yake juu ya bodi. Mgambo mmoja akasimama mle ndani akampokea.