Mlima Nyuma ya Jiko

Ofisini walimwita Injinia, na nyumbani kwa wakwe zake jina hilo likamfuata kama kivuli. Kazi yake ilikuwa kupiga hesabu za miteremko: udongo una kina gani, mwamba ulio chini yake umeinama kiasi gani, na mvua ikinyesha maji yatapanda hadi wapi ndani yake. Kompyuta iliyameza yote hayo, ikamrudishia namba kwa kila kipande cha ardhi. Namba ikizidi moja, kinachoushika udongo kina nguvu kuliko kinachouvuta. Ikishuka chini ya moja, udongo hauna tena sababu ya kukaa.

Siku alipomaliza kuipaka ramani yake rangi, nyumba ya mama mkwe iliangukia kwenye wekundu wa hatari.

Kumwambia mkwe aihofie nyumba aliyojenga na marehemu mumewe si kazi ya kitoto. Injinia alikwenda na mume wake, wakakaa jikoni, ambako dirisha lilitazamana na kilima kilichochongwa zamani ili kupata kiwanja. Mume, mtu aliyejua kunyamaza panapofaa na pasipofaa, akajishughulisha na bawaba ya mlango.

"Mama, huo mteremko hapo nyuma sina imani nao."

"Nao una imani na wewe?" mama aliuliza, huku akichambua mchele.

Injinia akacheka, kisha akaeleza. Chembe za udongo hushikana kwa kubanana. Maji yakijaa katikati yake, huzisukuma zisibanane, na uzito wote unaelekea bondeni.

"Kwa hiyo mlima umekaa pale kwa kubanana tu, kama watu kwenye benchi."

"Ndivyo, mama."

"Haya. Wakianza kuteleza, utaniambia."

Msimu ulifunguka kwa mvua kubwa ya radi. Kompyuta ikatoa namba ya kutisha, Injinia akapiga simu, na mama akaja na begi na mto wake wa kulalia. Akakaa juma zima. Hata kokoto haikusogea. Aliporudi kwake, wifi aliyeishi jirani naye alimpigia Injinia. "Mlima unakusalimia," akasema.

Injinia akarudi kwenye hesabu. Kosa halikujificha sana: aliiambia kompyuta kwamba ardhi ilikuwa na unyevu tangu awali, kumbe ilitoka kwenye kiangazi, na mvua ile ya fujo ilikuwa imepita juu juu ikakimbilia mtoni. Akaomba ruhusa achomeke mabomba membamba mteremkoni, ya kupimia maji yaliyo ndani.

"Chomeka," mama alimwambia, "ila usinikanyagie mboga."

Mvua iliyofuata haikuwa ya kusimuliwa. Yalikuwa manyunyu, kutwa kucha, ya watu kwenda kazini bila mwavuli. Lakini manyunyu hayana papara, huzama. Maji yakapanda kwenye mabomba, namba ikashuka, na asubuhi moja baada ya chai ikawa chini ya moja. Injinia alikaa na simu mkononi. Akikosea tena, mara ya tatu nani atamsikiliza? Akapiga.

"Mama, naomba uje leo. Sasa hivi."

"Kwa manyunyu haya?"

"Haya haya."

"Kompyuta ina hakika safari hii?"

"Haina. Huwa haina. Lakini mimi naogopa."

"Ungesema hivyo tangu mwanzo," mama akasema. "Kompyuta siijui. Wewe nakujua." Akaja na begi lake na mto.

Kesho yake alasiri wifi akapiga tena, na safari hii hakuwa na utani. Walipofika, udongo ulikuwa umechunika juu ya mwamba kama ganda, majani yakiwa bado yamesimama juu yake. Ulikuwa umevunja dirisha na kulijaza jiko hadi kwenye rafu. Vyumba vya mbele vilisimama. Injinia aliutazama mwamba ulio wazi. Udongo ulikuwa umekatikia pale pale alipopachora kwenye ramani, na moyo wake ukawa mwepesi kama wa mtu aliyefaulu mtihani. Kisha akamwona mama ameinama, anachomoa kifuniko cha sufuria kwenye tope, na haya ikamshukia mwili mzima.

"Umefurahi kidogo," mama alisema bila kugeuka.

Mume akakohoa. Injinia angeweza kukana.

"Kidogo, mama. Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mtu akisema jambo akachekwa, likitokea hufurahi hata kama ni baya. Mimi nilimwambia baba yenu asichonge kilima karibu hivi, akanicheka. Jiko likakaa salama miaka yote ile, nami nikaudhika. Hebu fikiria, kuudhika kwa sababu jiko ni zima."

Akakaa juu ya jiwe, akalia kidogo, akamaliza.

Udongo uliobaki juu haukuwa wa kuaminika, kwa hiyo mama hakurudi. Kiangazi wifi alimega sehemu ya kiwanja chake bondeni, na nyumba ndogo ikainuka. Mama alimpitisha Injinia chumba kwa chumba.

"Na hapa namba ngapi?"

"Hapa tambarare, mama. Hakuna cha kuteleza. Ila mvua ikizidi, maji yanaweza kufika mlangoni."

Mama akamgeukia fundi aliyekuwa akikoroga saruji. "Umesikia? Inua kizingiti."