Walioangushwa na Ignace Fontenot

Asubuhi ya kwanza ya kambi, wachezaji wapya wa Wakata Barafu, klabu ya mpira wa Kimarekani, walipanga foleni wakiwa na kaptura tu, wakisubiri kupimwa uzito. Harlan Pruitt, kocha wa walinzi wa mbele, aliegemea ukuta na kikombe chake cha kahawa, akiwatazama miguu. Kila kocha ana mahali anapoanzia. Wengine huanzia kifuani, wengine shingoni. Yeye alianzia kwenye vifundo, kwa kuwa alikuwa ameona vifua vingi vya simba vikibebwa na miguu ya mbuzi.

Ignace Fontenot alipopanda, mizani ililia kidogo, kisha ikanyamaza. Alikuwa kijana kutoka nchi ya miwa, kusini kabisa mwa Louisiana, mwenye mabega ya kuziba mlango na sauti ndogo ya mtu aliyelelewa kanisani. Klabu ilimpata mwezi wa Aprili, siku ambayo klabu zote hugawana vijana waliomaliza vyuo. Alichukuliwa raundi ya tatu, maana yake watu walimtarajia lakini hawakumwota. Harlan alikuwa na kiangazi kimoja cha kujua kama huyu ni mlinzi wa kweli au ni nyama tu.

"Umekula nini asubuhi?" alimuuliza.

"Mayai, kocha. Na soseji. Na zile chapati zenu za asali."

"Na nini tena?"

"Na mayai tena, kocha."

Harlan akaridhika.

Kazi ya mlinzi wa mbele ni rahisi kuieleza. Mbele yako wamesimama wakingaji, watu wakubwa kama wewe. Nyuma yao yuko mrushaji na mpira mkononi. Wapite hao, mwangushe yule kabla hajaurusha. Siku walipovaa helmeti kwa mara ya kwanza, Harlan alimpanga Ignace uso kwa uso na Kolbe Haugen, mkingaji mkongwe kutoka Minnesota, ambaye goti lake la kushoto lilikuwa limepasuliwa mara nyingi hata mwenyewe akaliita zipu.

"Njoo, mtoto wa mama," Haugen alimwambia huku akiinama. "Taratibu tu, usije ukavunja kucha."

Filimbi ikalia. Ignace alichelewa kidogo kuondoka, jambo ambalo Harlan aliliona na kuliweka moyoni, lakini mikono yake ilipofika, ilifika yote. Haugen aliinuliwa kutoka ardhini akatua chali. Alilala pale akiyatazama mawingu ya ziwani. Kisha akasimama, akakunja goti, akalikunjua, akachuchumaa mpaka chini kama mtu anayetafuta kifungo kilichodondoka.

"Goti limepona," alisema.

"Lipi?" Harlan akauliza.

"Lenyewe. Zipu."

"Vizuri. Rudi kwenye mstari. Ulisimama wima mno."

Aliyefuata aliinuka bila maumivu ya bega. Wa tatu alikuwa na mgongo uliomzuia kumbeba bintiye; alianguka vibaya, kifudifudi, akainuka akienda kumpigia mkewe simu. Kabla wiki haijaisha, wakingaji walikuwa wakisukumana kwenye foleni ya kwenda kwa Ignace, na wenye nafasi za mbele walidai walikuwepo tangu asubuhi. Daktari wa timu alipita na kisanduku chake cha sindano za kutuliza maumivu, akakuta hakuna anayezihitaji, akaenda kula mapema.

Harlan alimkuta Ignace kwenye meza ya chakula, peke yake na sinia tatu.

"Hii kitu imeanza lini?"

"Tangu sekondari, kocha. Nilimwangusha jirani yetu mwenye pumu. Mpaka leo anapiga tarumbeta."

"Mbona hukusema siku ya mahojiano?"

"Mama alinikataza. Alisema, wakijua watakugeuza zahanati. Wewe umekwenda kucheza mpira, cheza mpira."

"Na wewe mwenyewe? Inakugharimu nini?"

Ignace alifikiri. "Njaa tu," alisema, akavuta sinia ya pili.

Mechi ya kwanza ya majaribio ilichezwa nyumbani, Kettle Bay, dhidi ya klabu ya mashariki. Mrushaji wao alikuwa mtu wa makamo mwenye bega bovu, na watangazaji walikuwa wamekwisha kumwandalia maneno ya kwaheri. Ignace alimfikia mapema. Harlan aliruka pale pembeni mpaka kofia ikamtoka, maana kijana alikuwa amewapita wawili kwa mkono mmoja, sawasawa na alivyofundishwa. Mrushaji alilala kidogo, akainuka, akazungusha bega lake, akamsaidia Ignace kusimama na kumkumbatia. Kisha akarusha mpira mbali kuliko alivyowahi kurusha tangu ujana wake, na akaendelea hivyo mpaka filimbi ya mwisho. Wakata Barafu walifungwa vibaya. Jumanne yake, kreti ya mapichi ilifika klabuni ikiwa na jina la Ignace.

Meneja mkuu wa klabu, Corinne Aldous, alimwita Harlan ofisini. Alikuwa mama mwenye miwani ya kamba, asiyependa mazungumzo marefu.

"Haya, niambie. Ana mustakabali huyu?"

"Mikono yake sijaiona kwa mtu mwingine. Hatua ya kwanza ni nzito, lakini hiyo inafundishika. Ana akili, anasikia. Miaka miwili, atakuwa mlinzi mzuri sana."

"Isipokuwa?"

"Isipokuwa kila anayeangushwa naye anainuka mzima kuliko alivyokuwa."

Corinne alivua miwani. "Na wetu pia? Mazoezini?"

Harlan angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amemwona Haugen asubuhi ile akipanda ngazi mbili mbili, akiimba, na furaha ile ilikuwa bado inamchezea yeye mwenyewe usoni.

"Na wetu pia," alisema.

"Basi tatizo liko wapi, Harlan? Asicheze Jumapili, siku ya mechi. Acheze Jumatano, mazoezini."

Ikawa hivyo. Ignace alibakizwa kikosini, akapewa jezi na kabati lenye jina lake, na Jumapili alikaa kwenye benchi karibu na mapipa ya maji. Kila Jumatano alipangiwa walioumia. Waliletwa wakichechemea, wengine juu ya kitoroli cha mizigo, akawaangusha, wakaondoka kwa miguu yao. Walimshukuru kwa dhati. Haugen alimletea samaki wa kukaushwa kwa moshi. Mwingine alimpa mwanawe jina la Ignace, ingawa mkewe alikuwa amechagua jina jingine.

Klabu nayo ilishukuru, kwa njia yake. Kwa kuwa sasa hakuna aliyebaki mgonjwa, siku ya mapumziko ilifutwa. Kwa kuwa goti la Haugen lingepona Jumatano, hapakuwa na haja ya kumtoa kikosini lilipovunjika Jumapili, na lilivunjika karibu kila Jumapili. Mfupa ulilia vilevile, na yeye alipiga kelele vilevile. Kilichobadilika ni kwamba baadaye hakikuonekana kitu.

"Nilitaka kuwaangusha warushaji, kocha," Ignace alimwambia Harlan siku moja wakikusanya helmeti. "Jumapili. Na mama akinitazama."

"Najua, mwanangu."

"Silalamiki. Watu wananiombea kanisa zima. Ila nilitaka."

Harlan aliweka helmeti chini. Kisha, kwa aibu, alimwomba msaada.

Alikuwa na kaka, Emmett. Emmett Pruitt alikuwa mlinzi wa mbele wa Wakata Barafu enzi zake, bora kuliko Harlan, na picha yake ingalipo kwenye korido ya uwanja. Alikuwa amegonga watu kwa kichwa chake kwa misimu mingi. Alipoanza kusahau njia ya kurudi nyumbani hakuwa amefika hata hamsini na tano, na madaktari wa klabu walimpima wakasema ni uzee. Baadaye alisahau uma ni wa nini. Baadaye akaanza kumwita mkewe Lucille "dada," kwa adabu sana, kama mtu anavyomwita mhudumu wa hoteli.

Lucille alimleta Jumatatu mchana, kwenye uwanja mdogo wa nyuma unaopakana na maegesho ya magari. Alikuwa amemvalisha sweta safi na kumchana nywele. Emmett alisimama kwenye nyasi akimtabasamia kila mtu.

Ignace alirudi nyuma. "Siwezi, kocha. Huyu ni mzee wa watu."

Lucille alimsogelea. Alimfikia kifuani tu. "Mwanangu, nani alikwambia ni mzee? Huyu ni mchezaji. Mpige."

"Mama, nitamvunja."

"Ameshavunjwa. Wewe mpige tu."

"Shemeji, una hakika?" Harlan alimuuliza.

"Harlan, nyamaza."

Ignace akainama, akaweka mkono mmoja kwenye nyasi. Na hapo Emmett, ambaye hakujua tena uma ni wa nini, naye akainama, akaweka mkono wake kwenye nyasi, mgongo umenyooka kama meza. Harlan aliuma mdomo. Kijana akaondoka, safari hii bila kuchelewa hata kidogo. Sauti ya vifua viwili ikasikika mpaka barabarani.

Emmett alilala chali. Lucille alipiga magoti kando yake, akamwondolea majani usoni. Emmett alimtazama.

"Lucille," alisema. "Mbona umekata nywele?"

Alikuwa amezikata miaka saba nyuma. Lucille akajishika kichwa kwa mikono miwili, akacheka, kisha akalia, kisha akamwambia zitaota, mume wangu, zitaota, usijali.

Habari za namna hiyo hazifichiki. Jumatatu iliyofuata walikuja wazee wawili na bakora zao. Kufikia majira ya majani kuanguka, maegesho yalijaa magari kutoka Ohio, Iowa, hata Texas. Waliokuwa wachezaji walishushwa na wake zao, na watoto wao, mmoja na mama yake mzazi wa miaka tisini, na wakakaa kwenye viti vya kukunja wakisubiri zamu. Waliokuwa wakitetemeka, waliokuwa wakisikia king'ora kisichonyamaza, waliokuwa wakiwapigia makelele watoto bila kujua kwa nini. Ignace aliwaangusha mmoja mmoja, akawainua mmoja mmoja, na kila mmoja alimwambia ahsante, mwanangu. Wanawake walipanga meza ndefu: makaroni ya jibini, kuku, viazi vya mayonezi, pai za cheri. Mama yake Ignace, Verlene Fontenot, alisafiri kutoka kusini na sufuria yake mwenyewe kwa sababu hakuiamini pilipili ya kaskazini. Alikaa mchana kutwa akimtazama mwanawe.

"Nilisema watakugeuza zahanati," alimwambia jioni, akimpakulia.

"Ulisema, mama."

"Basi, kula. Kesho kutwa Jumatano."

Aliyewatembelea mwisho alikuwa wakili wa klabu, kijana nadhifu, mwenye viatu visivyofaa kwa nyasi. Aliongea kwa heshima. Klabu ilifurahi kuwaona wakongwe wake, alisema. Uwanja ni wao, na mabomba ya maji, na vyoo. Ila kulikuwa na jambo moja dogo. Kama watu hawa wanaponywa kwa kuangushwa, kesho mtu atauliza kilichowaumiza ni nini. Kwa hiyo klabu iliomba kwamba wanaokuja Jumatatu waseme wamekuja kula pamoja. Ugonjwa wao ubaki ulivyoandikwa zamani, uzee. Wakikubali, lango litakuwa wazi. Wasipokubali, klabu italazimika kulifunga, kwa masikitiko.

Watu walitazamana. Mmoja aliyekuwa ameangushwa wiki iliyotangulia, mwenye akili timamu kuliko wakili, alisema, "Unataka tuseme uongo."

"Nataka mje tena," wakili akajibu.

Nyuma yao magari mengine yalikuwa yanaingia. Kwenye gari la kwanza kulikuwa na mwanamume aliyefungwa mkanda kama mtoto, akigonga kioo kwa paji la uso. Lucille alilitazama gari lile, kisha akamgeukia wakili.

"Tumekuja kula," alisema. "Karibu pai."

Wakili akala vipande viwili, akashukuru.

Jumapili moja ya Novemba, Harlan aliwapatia Emmett na Lucille viti vizuri, katikati ya uwanja. Emmett hakuwa ameona mechi na kuielewa kwa miaka mingi. Alieleza kila kitu kwa sauti, akawakosoa wakingaji, akamtania mdogo wake kwa mbali, "Harlan, waambie wainame, waambie wainame!" hata watu wa safu ya nyuma wakaanza kumsikiliza yeye badala ya redio.

Robo ya tatu, goti la Haugen lilivunjika. Mlio wake ulifika mpaka viti vya juu. Zamani mambo kama haya yalipotokea, uwanja mzima ulinyamaza, na wachezaji wa pande zote mbili walipiga goti wakisali. Sasa hakuna aliyepiga goti. Watu walipiga makofi ya furaha, kwa sababu Jumatano ilikuwa karibu, wakageukia vinywaji vyao. Haugen alikuwa bado anapiga kelele alipowekwa kwenye machela. Kwenye benchi, kando ya mapipa ya maji, Ignace alikuwa ameuficha uso kwenye taulo.

Emmett akasimama, akavua kofia.

"Kaa chini, mume wangu," Lucille alimnong'oneza, akimvuta koti. "Jumatano atapona."

"Najua," Emmett alisema.

Alibaki amesimama, peke yake katika uwanja ule wote, mpaka machela ikapotelea mlangoni. Kisha akavaa kofia, akaketi, akamshika mkewe mkono, akamuuliza kama soseji zimebaki.